Ugonjwa wa Mchana

Gari ilipozimika mikononi mwangu, saa nane na dakika kumi mchana, kati ya Makuyuni na Mombo, nilijua mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, tumekwama. La pili, mdogo wangu hakuwa mwongo.

Haikuzima kwa vishindo. Hakuna kilichogonga, hakuna moshi, hakuna taa iliyotangulia kutuonya. Injini ilinyamaza tu, usukani ukawa mzito ghafla, nami nikatumia mwendo uliobaki kuitoa barabarani mpaka tairi za kushoto zikakanyaga changarawe. Upande wa kulia, ng'ambo ya lami, milima ya Usambara ilikuwa imesimama na ubaridi wake wote, karibu kabisa, kama duka lililofungwa. Upande wa kushoto mkonge, safu baada ya safu, na hewa inatetemeka juu yake. Nikageuza ufunguo. Stata ikazunguka kwa nguvu, betri nzima kabisa, ila injini haikushika. Nikageuza tena. Hola.

Mama alikuwa kiti cha abiria, amevaa miwani myeusi aliyopewa hospitali. Akaivua taratibu, akaikunja, akaiweka mapajani.

"Haya," akasema. "Na wewe umetoka kunywa wapi?"

Ilikuwa Februari 2022. Ili mwelewe kwa nini swali lile lilinichoma kuliko jua, inabidi niwarudishe nyuma.

Kwetu ni Lushoto. Mwaka 2016 tulinunua pikapu ya Kijapani, ya petroli, tayari ina miaka kumi na minane mgongoni, ndugu watatu tukachangiana. Mimi niko Dar, natuma hela na kushika mahesabu kwa simu. Kaka mkubwa ana shamba, na ana kauli. Mdogo wetu akawa dereva. Alfajiri anashuka na kabichi, karoti na hoho, anauza Korogwe au anafika mpaka Tanga, halafu mchana anarudi na saruji, unga, mabati, chochote ambacho wenye maduka wa mlimani wamemwagiza. Miaka minne mambo yalikwenda.

Kuanzia Desemba 2020 akaanza kuchelewa. Anatakiwa kufika saa kumi na moja jioni, anafika saa mbili, saa tatu usiku. Akiulizwa anasema gari inazima njiani, kule chini, jua likiwa kali. Inazima, inakaa nusu saa, inawaka yenyewe, inaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Kaka akaipeleka gereji pale pale Lushoto. Fundi akaizungusha mjini asubuhi nzima, akaipandisha vilima, akaishusha. Safi. Akabadilisha plagi na chujio la mafuta, kwa sababu fundi hawezi kukurudishia gari mikono mitupu. Wiki iliyofuata ikazima tena, kwa maneno ya mdogo wangu. Ikarudi gereji, ikazunguka, safi. Mara ya tatu fundi akasema basi ni pampu ya mafuta, maana pampu inakaa ndani ya tenki na inapozwa na petroli yenyewe. Dereva akizoea kutembea na tenki karibu tupu, pampu inapata joto na inachoka mapema.

Maelezo hayo ni ya kweli kabisa kama somo la ufundi. Ila nyumbani yaligeuka mashtaka. Kwa nini anatembea na tenki tupu? Si tunampa hela ya mafuta? Kaka akakaa na hilo kichwani. Pampu mpya ikanunuliwa, shilingi 280,000, nilizituma mimi, nikinung'unika. Siku tisa baadaye gari ikazima tena. Au tuseme, mdogo wangu akafika tena saa tatu usiku, akasema imezima.

Ushahidi dhidi yake ulikuwa mzuri, nakiri. Kaka aliuliza: kama gari mbovu, mbona inapanda mlima? Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za kona tupu, na pikapu imebeba mifuko ya saruji. Ugonjwa gani huo unaoshinda barabara ya tambarare na kushindwa na mlima? Mdogo wangu alijibu kwamba akifika Soni jua limeshapoa. Kaka akacheka. Halafu mtu mmoja akasema amemwona Mombo jioni, amekaa kwenye kiti cha baa, gari iko mbele. Kumbe ndipo alipokuwa akisubiri gari ipoe, penye kivuli na watu. Hilo hatukulifikiria.

Na kulikuwa na daftari.

Alikuwa na daftari la mahesabu, lile kubwa lenye jalada gumu, analiweka kwenye droo ya dashibodi. Magunia mangapi, bei gani, ushuru, mafuta. Nilipokwenda likizo ya Pasaka mwaka 2021 nililichukua nikalisoma usiku kucha kama mkaguzi, nikitafuta shilingi zilizopotea. Sikuziona. Nilichokiona, pembezoni mwa kurasa, ni herufi Z. Z hapa, Z pale, na saa, na vijimaneno. Nilimwonyesha kaka. Kaka alitazama kidogo tu, akafunga daftari, akasema Z ni Zuhura au Zainabu, na yuko Mombo. Nami mwenzenu, mtu ninayejisifu kwamba nasoma vitabu, nikaona hiyo ni tafsiri inayotosha.

Novemba mwaka huo mama alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mjini Tanga. Mdogo wangu alikuwa amchukue saa nane mchana. Alifika saa moja usiku. Mama alikaa kwenye benchi saa tano, jicho moja limefungwa na pamba, kikapu chake miguuni, akikataa kwenda kwa jamaa kwa sababu mtoto wake alisema anakuja. Simu ya mdogo wangu ilikuwa imeisha chaji. Alisema gari ilizima mara mbili, mara ya kwanza kabla ya Segera, mara ya pili karibu na Hale.

Jumapili kikaitishwa kikao. Mimi nilikuwa kwenye simu, imewekwa katikati ya meza, sauti juu. Kaka alisema yake yote. Halafu akaniuliza, "Na wewe unasemaje?" Nakumbuka nilikuwa nimesimama kwenye kibaraza cha nyumba niliyopanga Tabata, naanika nguo. Nikasema: "Gari haiwezi kuugua mchana ikapona usiku. Mtu ndiye anayeweza kufanya hivyo."

Nilidhani nimesema neno zuri. Kulikuwa na ukimya, kisha nikasikia sauti yake, karibu na simu kuliko nilivyodhani. "Haya, dada."

Siku mbili baadaye aliacha ufunguo mezani akaondoka. Tulisikia yuko Kahama, anaendesha bodaboda ya mtu.

Kaka akashika usukani mwenyewe. Yeye si mtu wa safari ndefu. Anashuka alfajiri, anawauzia madalali pale Mombo, saa nne amesharudi nyumbani. Gari haikuzima hata siku moja. "Mnaona?" alinipigia kuniambia. "Tangu aondoke, gari imepona." Nilikubaliana naye. Ilikuwa hoja isiyopingika. Wala sikujiuliza mara ya mwisho gari hiyo kuiona saa nane mchana ilikuwa lini.

Basi Februari mama alitakiwa kurudi Tanga kuangaliwa jicho, mimi niko likizo, kaka ana malaria. Nikasema nitaendesha. Ndivyo tulivyofika pale kwenye changarawe.

Nilimtafutia mama kivuli chini ya mwarobaini, nikamwachia maji. Nikafungua boneti, nikatazama injini jinsi watu kama mimi wanavyoitazama injini, yaani kwa heshima. Mshale wa joto ulikuwa katikati, gari haikuchemsha. Mafuta nusu tenki, nilijaza mwenyewe Tanga. Hiyo hoja ya tenki tupu ikafa hapo hapo. Nikafungua droo ya dashibodi kutafuta namba ya fundi yeyote. Daftari lilikuwemo bado. Kaka hakuwahi kulitoa.

Nililisoma nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa mlango, miguu nje. Ni maandishi yale yale niliyoyasoma Pasaka, na hayakuwa yale yale. Ukurasa wa kwanza wenye alama, pembeni: "Z 8:10 Makuyuni. Mshale kati. Tenki nusu. Dk 25." Z. Zima. Alikuwa anaandika kila mara gari ilipozima.

Niliwahesabu wote. Walikuwa 31. Ishirini na tisa walikuwa kati ya saa saba na saa kumi mchana. Mmoja saa tano, mwezi Januari. Mmoja saa kumi na moja jioni, na pembeni yake kaandika: "Nilisimama Mombo kununua chapati, nikazima mwenyewe, ikagoma kuwaka." Juni yote hakuna hata mmoja. Julai hakuna. Kwenye ukurasa mmoja alikuwa ameandika kiasi cha tenki kwa kila Z, nusu, robo tatu, nusu, imejaa, na chini yake kapiga mstari na kuandika "SI TENKI." Hiyo ilikuwa wiki mbili baada ya kaka kumshutumu. Mbele kidogo alianza kufanya jambo jingine: mara hii anamwaga maji mbele ya injini, mara ile anasubiri tu. "Maji: dk 12. Bila maji: dk 30. Maji: dk 10. Bila: dk 35." Na tena na tena, kwa kalamu ya bluu, sentensi moja fupi: "Mshale wa mizunguko haunyanyuki."

Wapenzi wa hadithi za upelelezi mnamkumbuka Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake. Ninavyomkumbuka, Bwana Msa hushughulika na vitu vidogo wakati wengine wote wameshampata mwenye kosa. Nimemsoma tangu shule. Haikunisaidia kitu.

Fundi alikuja kwa bodaboda kutoka Mombo, kijana wa miaka thelathini na kitu, fundi umeme, mkoba wake ni begi la shule. Alimwamkia mama kwanza, "Shikamoo mama," akasubiri marahaba yake, ndipo akanigeukia. Hakugusa gari. Aliuliza: ilikata ghafla au ilikohoa kwanza?

"Ghafla."

"Haikupoteza nguvu kabla? Haikuvutavuta?"

"Hapana. Kama umezima taa."

Akatikisa kichwa. Gari inayokosa mafuta, alisema, mara nyingi inakuaga. Inakohoa, inavuta, inadokoa. Inayokata kama swichi, anza na umeme. Nikamwambia wazee nyumbani wanasema ni mvuke, petroli inachemka kwenye bomba, dawa yake kitambaa kibichi. Akasema hiyo ilikuwa kweli kwa magari ya kabureta, ambayo pampu yake iko kwenye injini na inanyonya mafuta kwa mbali. Hii pampu yake iko ndani ya tenki, inasukuma kwa mgandamizo mkubwa, na mafuta yaliyobanwa hivyo hayachemki kirahisi.

Nikampa daftari. Sijui kwa nini nilimpa, labda nilitaka mtu mwingine alione. Alilisoma amesimama, jua kichwani, akigeuza kurasa kwa kidole gumba chenye grisi. Alipofika kwenye ile sentensi ya mshale akaniambia niingie nipige stata, sekunde tatu tu, nitazame mshale wa mizunguko.

Ulilala kwenye sifuri. Haukutikisika.

"Sasa sikiliza," akasema. Injini ikizungushwa na stata, hata kama haijawaka, mshale ule hunyanyuka kidogo, kwa sababu kompyuta ya gari inaona injini inazunguka. Inaonaje? Kwa kisensa kidogo, kimekaa mbele, chini, karibu na puli kubwa ya krenki. Ndani yake mna sumaku na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Meno ya gurudumu yakipita mbele yake, kinatoa umeme kidogo, tiki tiki tiki, na kompyuta inahesabu. Kikinyamaza, kompyuta inaamini injini imesimama. Inakata cheche. Inakata na petroli, maana hakuna sababu ya kumwagia mafuta injini isiyozunguka. "Kwa hiyo fundi akija akapima pampu, pampu haisukumi. Anabadilisha pampu. Akija mwingine akapima plagi, hakuna moto. Anabadilisha koili. Wote wawili wamesingiziwa."

Sikusema kitu.

"Nani kaandika hii?" akauliza.

"Mdogo wangu. Alikuwa dereva."

"Fundi?"

"Hapana."

"Yuko wapi, mbona yeye hakuja kwangu?"

Mama, pale chini ya mwarobaini, alijibu kabla yangu. "Yuko Kahama," akasema. "Tulimfukuza."

Fundi aliinama, akachukua chupa yetu ya maji ya kunywa, akammwagia yule mdudu wa sensa pole pole, kama mtu anayemnawisha mgonjwa uso. Tukangoja. Dakika kumi na mbili, nilitazama saa. Nikapiga stata, mshale ukanyanyuka, injini ikashika.

Hapo ndipo mimi ningeishia. Ningesema badilisha hiyo sensa, twende zetu. Yeye akakataa. Alisema nikikuwekea mpya sasa hivi na gari ikaenda, hutajua kama nimeiponya mimi au imepona kwa sababu jua limeshuka. Hilo neno lilinipata mahali pake. Tulitambaa mpaka Mombo, mama akapata juisi na kiti, na fundi akaichomoa sensa. Ni kitu cha ukubwa wa kidole, kina waya mbili tu.

Alikuwa na mita ya umeme ya bei rahisi, ile ya njano. Akaunganisha nyaya zake kwenye pini mbili za sensa: omu 1,100. Nzima. Fundi yeyote angeipima hivyo akairudisha, akasema sensa haina shida. Akavuka barabara hadi kwa mama ntilie, akaomba sufuria. Mama ntilie alitaka kujua sufuria ya nini. Alipoambiwa ya kuchemshia kifaa cha gari alikataa kata kata, ikabidi niinunue, shilingi 8,000, ninayo mpaka leo, napikia mayai.

Akaweka maji, akakiachia kichwa cha sensa kiingie majini, pini zikabaki juu, zimefungwa kwenye mita. Jiko la mkaa. Tukachuchumaa watu wanne au watano, maana Mombo mchana hakuna kazi inayoshinda kutazama kazi ya mwenzio. Namba zikaanza kupanda. 1,150. 1,190. Fundi akasema hiyo ni kawaida, shaba ikipata joto inakuwa ngumu kupitisha umeme. Baadaye nilijisomea: ukinzani wa shaba huongezeka kwa takribani asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto, na nilipopiga hesabu, namba tulizoziona jikoni zilikaa sawa. 1,240. 1,280. Vipovu vidogo vilikuwa vimeanza chini ya sufuria. 1,320.

Halafu kioo cha mita kikafutika, ikabaki "1" peke yake pembeni kushoto. Kwa mita zile maana yake hakuna njia. Waya umekatika.

Akaitoa sensa, akaipuliza, akaipepea na kipande cha boksi. Dakika chache, 1,290. Imerudi. Akaizamisha tena, ikapanda, ikakatika. Akatoa, ikarudi. Alifanya mara tatu, na mara ya tatu wale watazamaji walikuwa wakihesabu kwa sauti. Ndani ya kile kidole waya ulikuwa umepasuka mahali fulani, ufa mwembamba usioonekana. Ukiwa baridi ncha mbili zinagusana. Ukipata joto, kila kitu kinatanuka, zinaachana. Gari inaugua mchana. Inapona usiku.

Ningependa mlitazame hilo kwa ramani. Mombo iko chini, kwenye mita mia nne na kitu juu ya usawa wa bahari. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi. Hewa hupoa kwa takribani nyuzi sita na nusu kila ukipanda mita 1,000. Ni tofauti ya sweta moja. Lakini sensa ile inakaa nyuma ya rejeta, inapuliziwa hewa ambayo tayari imepita kwenye maji ya moto, na ukiongeza nyuzi sita saba juu ya hapo ndipo ncha zinapoachana. Na ukisimama ukazima injini, kama siku ile ya chapati, feni inasimama, upepo unakata, joto lote la chuma linapanda taratibu chini ya boneti, kwa hiyo gari inazidi kuiva hata baada ya wewe kuipumzisha. Fundi wa Lushoto hakuwa mjinga. Alikuwa anaitafuta homa kwenye friji. Kila asubuhi tulimpeleka mgonjwa mlimani, kwenye ukungu, tukamwambia haya, ugua tukuone.

Sensa mpya ilikuja kwa basi kutoka Tanga kesho yake. Shilingi 65,000.

Kaka alipopata nafuu nilimweleza yote, na nikamwekea daftari mbele yake, limefunguliwa kwenye ule ukurasa wa SI TENKI. Alisoma muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Hakusema kitu. Nilikasirika, nikarudi Dar nimekasirika. Mama ndiye aliyenisimulia kwa simu kwamba siku tatu mfululizo kaka alishuka na gari tupu, peke yake, saa sita mchana, akaenda Korogwe na kurudi Mombo, Korogwe na kurudi, mpaka saa kumi, halafu akapanda nyumbani. Hakumwambia mtu anatafuta nini. Haikuzima.

Mimi nilichelewa kumpigia mdogo wangu. Nilijiambia nasubiri sensa ithibitike, kisha nasubiri mwisho wa wiki. Nilipompigia, nyuma yake kulikuwa na honi na watu wanaitana. Nikamwambia gari ilinizimikia. Akauliza wapi. Nikamwambia. "Makuyuni," akasema, kama unavyomtaja mtu mnayefahamiana. "Saa ngapi?"

"Nane na kumi."

"Eeh."

Nikamwambia ilikuwa sensa ya krenki.

"Mlipima ikiwa ya moto?"

"Tuliichemsha kwenye sufuria."

Alicheka, na kicheko kilikuwa chake cha zamani, kile cha kabla ya mambo haya. "Sufuria! Mimi nilikuwa namwagia maji tu." Kisha akauliza macho ya mama yanaendeleaje. Nikasema vizuri. Nikaanza kusema lile nililopiga simu kulisema, nikataja kikao, nikataja maneno yangu kwa ukamilifu wake, maana sikutaka kujifichia kwenye "yale niliyosema". Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo yameisha, dada," akasema, kwa sauti ya mtu anayekutajia bei ya sukari. Sikujua kama yameisha kweli au yameisha kwa sababu mimi ni dada yake. Nikamuuliza kama atarudi. Akasema bosi wake ni mtu mzuri, na bodaboda haizimi. Kulikuwa na abiria anamngoja.

Usiku ule ukaingia ujumbe. "Dada msisahau waya ya hiyo sensa. Kuna kibano chake kilivunjika zamani, nilikuwa naufunga na mpira. Ukilegea unaegemea ekzosi, utayeyuka mtaanza upya."

Ilikuwa saa nne kasoro. Nilimpigia kaka. Alikuwa ameshalala. Nilimsikia akitafuta tochi, kisha mlango, kisha mbwa, kisha boneti. Alikaa kimya kitambo, anahema kwenye simu kwa baridi.

"Umeegemea," akasema. "Ngoja nitafute mpira."